Mpiga picha wa Nsemulwa asiyekubali kamati ifute mtu

Saa tatu na nusu asubuhi, siku ya Alhamisi, Specioza Manyanda anawatoa watu chumbani. Anawatoa kwa adabu, lakini anawatoa wote: mashangazi wawili, matroni, na jirani aliyekuja na simu kuonyesha picha za harusi alizoziona mtandaoni. Mlango unarudishwa. Wanabaki wawili, yeye na bibi harusi Natalia, binti wa miaka ishirini na minne aliyekaa kwenye mkeka, miguu ameikunja.

Nyumba hii ipo Kakese, nje kidogo ya mji wa Mpanda. Uani mpunga umeanikwa kwenye turubai na kuna mtu anafukuza kuku. Harusi ni Jumamosi, keshokutwa.

Specioza hakuja na kamera. Amekuja na daftari kubwa la jalada gumu na kalamu iliyofungwa kwa uzi ili isipotee.

"Usinitajie picha," anamwambia Natalia. "Nitajie watu. Nani akikosekana kwenye albamu, wewe utaumia?"

Natalia anafikiri. Anamtaja bibi yake mzaa baba. Anawataja kaka zake wawili, na rafiki yake waliyesoma naye ushonaji. Kisha anatazama mlango, na sauti inashuka.

"Na mama."

"Mama yupi?"

"Aliyenizaa. Verdiana. Anakaa Sitalike."

"Umemwalika?"

"Nimemwalika. Ila hapa nyumbani sijui kama wanataka aonekane."

"Sijakuuliza wanachotaka. Akae wapi?"

"Picha ya wazazi," anasema Natalia. "Kulia kwangu."

Specioza anaandika kwa herufi kubwa, kisha anamsomea: picha namba kumi na tisa, ngazi za kanisa, bibi harusi katikati, kulia mama Verdiana, kushoto baba, pembeni ya baba mama mdogo. Natalia anatikisa kichwa kukubali. Specioza anapiga mstari chini ya namba hiyo, mara mbili, kwa nguvu mpaka karatasi inataka kutoboka.

Anajua ugomvi utaanzia hapo.

Specioza ana miaka thelathini na tisa, ni mama wa watoto watatu, na huu ni mwaka wake wa kumi na saba katika kazi ya picha za mnato. Studio yake ni chumba kimoja huko Nsemulwa, mjini Mpanda, chenye pazia la bluu, kiti cha plastiki na kompyuta moja. Siku za kawaida anapiga pasipoti za wanafunzi na za wakulima wanaofungua akaunti benki. Kuanzia Juni, mpunga ukishavunwa na watu wakiwa na kitu mfukoni, ndipo harusi zinapoanza.

Wazazi wake walifika Katavi na ng'ombe wakitokea Meatu, yeye akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Kwa baba yake, kazi ilikuwa ng'ombe na jembe. Binti alipomwambia anataka kujifunza kupiga picha, mzee aliuliza swali moja tu: "Ukishapiga, unakula nini?"

Alifundishwa na marehemu Nestori, mzee aliyekuwa na studio karibu na soko. Nestori alimkatalia kushika kamera kwa miezi miwili.

"Alikuwa ananiambia picha ya harusi inapigwa kwenye daftari kwanza," anakumbuka Specioza. "Jua saa nane litakuwa upande gani? Bibi harusi anatoka mlango upi? Mama mkwe mguu unamsumbua, basi msimpandishe ngazi, wote washuke chini alipo yeye. Ukiyajua hayo Alhamisi, Jumamosi huhangaiki."

Ambacho Nestori hakumfundisha ni daftari lenyewe ni la nani. Hilo alijifunza mwaka 2017, na akilisimulia haachi kuzungusha kifuniko cha kalamu kati ya vidole.

Agosti ya mwaka huo alipata kazi ya harusi kubwa mjini. Bibi harusi, Suzana, alitoka katika familia ya wafugaji. Mama yao alifariki Suzana akiwa na miaka minne, na aliyemlea ni dada yake, Dorotea, aliyemzidi miaka kumi na mmoja. Dorotea ana ualbino. Alilima mpunga akiwa amevaa shati la mikono mirefu na kofia pana, akauza magunia, akamsomesha mdogo wake mpaka kidato cha nne.

Specioza alikaa na Suzana siku tatu kabla ya harusi, wakaandika picha thelathini na mbili. Ya kwanza kabisa Suzana aliitaja bila kufikiri: yeye na dada Dorotea, dada anamvalisha shela.

Ndipo akaingia Machibya, baba mdogo wa bwana harusi na mwenyekiti wa kamati ya harusi. Alikuwa mtu wa heshima zake mjini, na mfukoni mwa shati alikuwa na kalamu ya bluu. Akaomba daftari. Specioza akampa.

Machibya alisoma kutoka juu mpaka chini, kisha akafuta mistari mitatu. Yote mitatu ilikuwa na jina la Dorotea.

"Akaniambia, 'Wewe ni fundi, unajua mwenyewe. Yule mweupe mwanga unamruka, uso hautoki, atatuharibia picha. Hii albamu itaangaliwa na watu wengi,'" anasimulia Specioza. "Aliongea taratibu, kama mtu ambaye ananisaidia kazi yangu."

Anaiweka kalamu mezani, na kwa mara ya kwanza anaongea haraka.

"Mwanga haumruki mtu. Ule ni uongo. Unawaweka watu kivulini, flashi unaizima, unapima mwanga kwenye uso wa yule mweupe, umemaliza. Dakika moja. Shela lenyewe ni jeupe kuliko binadamu yeyote. Mbona hawasemi bibi harusi avae nyeusi ili picha zisiharibike?"

Suzana alikuwepo palepale. Aliangalia kucha zake. Naye Specioza alisema maneno mawili: "Sawa, mzee."

"Hayo maneno mawili ndiyo yananikasirisha mpaka leo," anasema. "Siyo ya Machibya. Yangu."

Siku ya harusi, saluni, Dorotea ndiye aliyembana mdogo wake shela kwa pini. Hakuna aliyemwambia kwamba amefutwa. Specioza alikuwa anasogea huku na huku akitafuta pembe ambayo Dorotea hatatokea. Baadaye, kanisani, watu wa upande wa bibi harusi walipoitwa ngazini, Dorotea alipanda akiwa na kitenge kipya na kofia ya majani aliyoizungushia utepe wa rangi ya sare. Mama mmoja wa kamati akamshika mkono kwa upole, akamwambia chakula ukumbini hakina msimamizi. Dorotea akashuka.

"Nilimwona anashuka. Nilikuwa nimeshaweka jicho kwenye kamera. Nikahesabu moja, mbili, tatu, nikapiga."

Wiki tatu baadaye, asubuhi, Dorotea aliingia studio ya Nsemulwa. Hakusalimia. Kwa Wasukuma kama wao, ambao salamu tu inaweza kuchukua muda wa kunywa chai, mtu akiingia kwako bila kusalimia kuna jambo.

"Nionyeshe nilipo," alisema.

Picha zilikuwa mia nane na kumi na nne. Specioza alifungua ya kwanza, akafungua ya pili. Macho ya Dorotea hayaoni mbali, hivyo alikaa uso ukikaribia kugusa kioo cha kompyuta, na kila picha aliitazama pembe zote nne kabla ya kusema "nyingine." Walianza saa nne. Saa saba walikuwa bado wanatazama. Mteja wa pasipoti alichungulia akaondoka.

Kwenye picha ya sitini na moja Dorotea alinyoosha kidole. Pembeni ya kichwa cha Suzana ulionekana mkono umeshika pini.

"Huu mkono wangu," alisema.

Hakupata kingine. Picha ya mwisho ilipopita, Specioza, akiwa amechanganyikiwa kwa aibu, alitamka kitu ambacho anasema angelipa chochote akirudishe. Alimwambia Dorotea kwamba siku hizi kompyuta inaweza. Angempiga picha pale pale, halafu amwingize kwenye picha ya familia, na mtu asingejua.

Dorotea alimgeukia. "Uniweke? Mimi nilikuwepo."

Specioza alijaribu kumweleza kuhusu mwenyekiti na kalamu yake ya bluu. Dorotea alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasimama, akavaa kofia yake.

"Yule alikuwa na kalamu tu," alisema. "Mashine ulikuwa nayo wewe."

Akaondoka.

Siku hiyo hiyo Specioza alifunga studio, akaenda kwenye duka la pembejeo la Machibya. Alikwenda amejaa hasira. Alimkuta anapima mbegu, akamwambia yote mbele ya wateja: kwamba amemdhalilisha mtu aliyemlea mke wa mtoto wao, na kwamba amedanganya kuhusu mwanga. Machibya hakukasirika. Alitabasamu, akafuta mikono.

"Lakini mama, si ulisema sawa?"

"Sikuwa na la kumjibu," anasema Specioza. "Ningekuwa na la kumjibu labda hasira zingetoka siku ile ile. Zilirudi nyumbani na mimi."

Dorotea na mdogo wake walikaa miaka miwili bila kuongea. Waliongea Suzana alipojifungua. Albamu ipo kabatini kwa Suzana. Anasema hajawahi kumfungulia mgeni, na hata mumewe ameacha kuulizia.

Tangu hapo Specioza anafanya kazi kwa namna ambayo wengi wanaiita ukorofi. Orodha anaiandika na bibi harusi peke yao, mlango umefungwa, na siku nyingine anaiandika na bwana harusi hivyo hivyo. Jina likishaingia daftarini, anayeweza kulifuta ni yule aliyelitaja, kwa mkono wake. Mwenyekiti anaweza kuongeza picha za mgeni rasmi hata kumi. Kutoa hawezi.

Yapo mengi aliyoyaona. Mwaka jana walitaka kumtoa babu mmoja kwa sababu alikuja na kandambili. Specioza aliwapiga picha watu wote wa familia kuanzia kiunoni kwenda juu, mgeni rasmi akiwemo, na viatu vyake vya bei. Kuna mahali walitaka kumficha dada wa bwana harusi kwa kuwa ana mimba na hajaolewa. Kwingine kaka anayetumia magongo aliambiwa akae ndani ya gari mpaka picha ziishe, jua lisije likamchosha.

"Kila siku wanayo sababu nzuri," anasema. "Mwanga. Jua. Nafasi haitoshi. Sijawahi kusikia mtu akisema ukweli kwamba anamwonea mwenzake aibu. Wangesema hivyo, angalau ningejua nagombana na nini."

Ukorofi huo una bei yake. Mwaka 2016 alipiga harusi ishirini na sita. Mwaka jana alipiga tisa, kila moja kati ya laki tatu na laki nne. Kamati nyingi zikisikia jina lake zinasema yule mama hapana. Mume wake, Method, mwalimu wa shule ya msingi, anamuunga mkono lakini amechoka.

"Kuna siku nilimuuliza, kwani harusi zote za Mpanda ni zako?" anasema Method. "Akanijibu, harusi siyo zangu, kamera ndiyo yangu. Nikanyamaza. Ila ada za watoto hazinyamazi."

Kakese, Alhamisi, mambo hayachelewi. Specioza hajamaliza kuandika picha ya ishirini na tano mlango unapogongwa mara moja na kufunguliwa. Ni Kasimiri, kaka mkubwa wa baba yake Natalia na mwenyekiti wa kamati, mzee mrefu mwenye miwani iliyoning'inia shingoni kwa kamba.

"Kameramani, tuone huo mpango," anasema na kunyoosha mkono.

"Shikamoo, baba. Nitakusomea." Daftari halitoki mapajani. Anasoma. Akifika namba kumi na tisa hapunguzi sauti.

Kasimiri anavaa miwani, kama kwamba miwani itamsaidia kusikia.

"Hiyo siyo. Verdiana aliondoka hapa miaka kumi na minne iliyopita. Mwenye nyumba hii ni mama Enoka. Picha ya wazazi ni baba na mama Enoka, imekwisha. Hatutaki watu waanze kuuliza maswali kanisani."

"Verdiana amemzaa bibi harusi," anasema Specioza. "Mtu akiuliza mama ni yupi, jibu lipo."

"Wewe umekuja kupiga picha au kusuluhisha ndoa za watu?"

"Nimekuja kupiga picha, baba. Ndiyo maana siwezi kuanza na ambayo ni ya uongo."

Mzee ananyoosha mkono tena. Specioza hampi. Anamgeukia Natalia, anaweka daftari wazi mbele yake kwenye mkeka, na kalamu juu yake.

"Kama ni la kufutwa, futa wewe. Mimi sitakulaumu. Ila ni mkono wako."

Uani kuku wamerudi kwenye mpunga na hakuna anayewafukuza. Natalia anaangalia kucha zake. Specioza ameshawahi kuiona picha hii.

Binti anaichukua kalamu. Kisha anaizungushia uzi wake, anaiweka pembeni ya daftari, na kusema bila kuinua macho, "Baba mkubwa, naomba mama abaki."

Kasimiri anamtazama mtoto wa mdogo wake kana kwamba ameongea lugha nyingine. "Basi tutatafuta kameramani mwingine," anasema, na kutoka.

Specioza anapakia daftari lake. Anapanda bodaboda kurudi mjini bila kujua kama Jumamosi ana kazi.

Ijumaa mchana simu inaita. Ni Fabrice, mpiga picha mwenzake mwenye kibanda karibu na stendi, kijana aliyewahi kujifunza kwake.

"Dada Spe, nimepigiwa na mzee mmoja wa Kakese. Anasema kesho niende, ila kuna mama mmoja hawamtaki kwenye picha ya wazazi. Analipa vizuri."

"Na wewe umemwambiaje?"

"Nimemwambia nitampigia. Nikaona nikuulize kwanza. Hii si ile yako?"

"Ndiyo ile yangu. Nenda ukitaka, una watoto na wewe. Ila siku utakayomtoa yule mama, ukipita Nsemulwa usinisalimie."

Fabrice anacheka, kisha anaona kwamba mwenzake hacheki. Jioni anatuma ujumbe: amemjibu mzee kwamba bei ni ile ile na orodha ni ile ya bibi harusi. Mzee amemkatia simu. Saa moja baadaye Kasimiri anampigia Specioza. Hasemi samahani. Anasema misa ni saa nne, na asichelewe.

Jumamosi jua la Kakese ni kali na halina wingu. Specioza amefika saa moja kabla ya misa, amezunguka kanisa, na amechagua ngazi za upande wa magharibi, ambazo mpaka saa saba zitakuwa kivulini. Picha za kwanza zinakwenda kama zilivyoandikwa. Bibi analetwa kwenye kiti chake. Kaka wawili wanakataa kucheka, kisha wanacheka wote kwa pamoja na yeye anawawahi.

Kisha emsii anatangaza picha ya wazazi.

Baba yake Natalia anapanda, koti limembana. Mama Enoka, mkewe wa sasa, anapanda na kusimama kushoto kwake. Bwana harusi anasogea kando kuwapisha. Nafasi ya kulia kwa Natalia ipo wazi.

Verdiana amesimama mbali, kwenye ukuta wa uzio, mkoba ameukumbatia kifuani. Alitoka Sitalike na gari la kwanza. Vitenge vyake havifanani na sare ya mtu yeyote, kwa kuwa hakuna aliyempelekea kitambaa. Hasogei. Anamtazama Kasimiri.

"Piga," anasema Kasimiri.

Specioza anashusha kamera. Anafungua daftari, na kwa sauti ya kawaida, kama anayesoma majina ya wanafunzi, anasoma: "Picha namba kumi na tisa. Bibi harusi katikati. Kulia, mama Verdiana. Kushoto, baba. Pembeni ya baba, mama mdogo." Anafunga daftari. "Mmoja hajafika. Nasubiri."

Watu wanaguna. Emsii anajaribu utani, hakuna anayecheka. Matroni anamnong'oneza Specioza kwamba muda unakwenda na ukumbini wanangoja. Yeye anajibu kwamba kamera yake haina haraka. Kasimiri anapanda ngazi mbili na kusimama mbele yake karibu sana, na anamwambia kwa sauti ya chini kwamba hatapiga tena harusi yoyote Kakese hii, na kwamba atahakikisha.

"Sawa, mzee," anasema Specioza. "Leo nasema sawa kwa hilo. Kwa lile sisemi."

Anayelimaliza jambo ni mtu ambaye hakuna aliyemfikiria. Mama Enoka anashuka ngazi, gauni amelishika mkononi lisikokote vumbi, anavuka uwanja mpaka kwenye uzio na kumshika Verdiana kiwiko.

"Dada, twende. Huyu mama hatapiga mpaka uje, na mimi viatu vinaniua."

Wanarudi pamoja. Mama Enoka anamsimamisha Verdiana kulia kwa Natalia, anamrekebishia ukosi, kisha anarudi mahali pake. Natalia anaushika mkono wa mama yake na hauachii. Baba mtu anatazama mbele na jasho linamshuka shingoni. Specioza anapiga picha sita mfululizo, halafu anapiga ya saba, kwa sababu kwenye ya sita Verdiana alifumba macho.

Baadaye, karibu na sufuria za wali, Mama Enoka anaulizwa kama hakuona vibaya. Anashangaa.

"Nione vibaya nini? Mimi nimekaa na yule mtoto miaka kumi na miwili. Siku zote nilijua ana mama yake. Hakuna aliyekuja kuniuliza. Kumbe walikuwa wananistahi."

Maneno hayo yanapomfikia Specioza, mtu angetegemea afurahi. Hafurahi. Anafungua begi la kamera na kulifunga tena.

"Umesikia? Hakuna aliyemuuliza," anasema. "Mwanamke mmoja anatolewa kwa ajili ya kumstahi mwingine, na huyo anayestahiwa hana habari. Miaka yote wanafuta watu kwa kuogopa kitu ambacho hakipo. Watu wananiambia, Specioza punguza hasira. Nizipunguze nizipeleke wapi? Zikiisha, nitasema sawa mzee kwa mambo yote."

Mjini Mpanda wapiga picha za harusi wenye vibanda, kwa hesabu yake, ni kumi na mmoja. Tangu Machi anawazungukia mmoja mmoja. Anachotaka ni kidogo: wakubaliane kwamba kamati ikimkataa mmoja wao kwa sababu ya kulinda orodha, mwingine asiichukue kazi hiyo. Sita wamekubali, Fabrice akiwa wa kwanza. Wengine wanasema njaa haina orodha. Novemba, harusi zikipungua, anataka wakutane wote studio kwake, na siku hiyo hiyo awafundishe bure namna ya kupima mwanga kwa watu wa rangi zote wakiwa kwenye picha moja.

"Ili asije mtu kuniambia tena kwamba mwanga umemruka," anasema.

Na kuna Dorotea. Ana miaka arobaini na miwili sasa, analima mpunga wake, na analea binti yake Minza. Kila mwaka baada ya mavuno Specioza humfuata nyumbani na kamera kwenye begi. Kila mwaka Dorotea humsalimia salamu zote, humpa maji, humpa na karanga, na akiombwa apigwe picha hukataa. Hajawahi kueleza sababu, na Specioza hajawahi kudai aelezwe.

Mwezi uliopita alikwenda tena. Maji yakaja, karanga zikaja. Alipofungua mdomo kuomba, Dorotea alimkatiza.

"Minza anamaliza darasa la saba. Mahafali ni Septemba, Ijumaa ya pili," alisema. "Orodha nitaandika mimi. Nikishaandika nitakupigia. Nisipopiga, usije."

Specioza alifika nyumbani hakumwambia hata Method kwa siku mbili. Alichukua daftari, akaufungua ukurasa wa Septemba na kuandika jina la Dorotea kwenye Ijumaa hiyo, sehemu iliyobaki ya ukurasa akaiacha nyeupe. Tangu hapo kamati mbili zimemtaka siku hiyo kwa ajili ya sherehe za kumuaga bibi harusi. Zote amezikatalia.

"Hajapiga simu bado," anasema. "Anaweza asipige, ana haki. Mimi betri nimeshachaji."